Pini ya Tisini

Kiti cha kuzunguka kiligeuka polepole, na aliyekikalia akatabasamu.

Alikuwa mdogo wake.

Mdogo wake wa tumbo moja, amekaa mbele ya kioo cha Mama Pini, kichwani amevaa nywele za dada yake. Si nywele zinazofanana na za dada yake. Zile zile.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, basi jua hivi. Dada mtu ni mkata tiketi. Watu wa mjini wanamjua kwa kichwa na mabega tu, maana ndivyo vinavyoonekana kwenye dirisha lake. Na kichwa chenyewe kina alama: shungi jeupe juu ya sikio la kushoto, alilozaliwa nalo. Daktari alipomwambia kwamba dawa zitaangusha nywele zote, hakungoja ziangushwe. Alikwenda kwa Mama Pini, fundi wa mawigi ya mkono, akazikata pale pale zifungwe ziwe wigi lake mwenyewe. Akatoa arbuni. Jioni ile akaingia wodini.

Ana binti wa miaka mitatu. Mtoto huyo alikuwa halali mpaka ashike lile shungi jeupe.

Ndiyo maana leo, siku ya kuruhusiwa, dada mtu hakupita nyumbani. Alifunga kitambaa juu ya kipara akaja dukani moja kwa moja. "Mwanangu asinione hivi," alimwambia muuguzi. "Atanikimbia."

Sasa yuko mlangoni, na nywele zake zinamtazama kutoka kichwa cha mtu mwingine.

"Dada," mdogo mtu alisema. "Kumbe wanaruhusu."

"Wanaruhusu nini?"

"Watu kutoka. Shemeji aliniambia wodi ile watu hutolewa kwa mlango wa nyuma, wamefunikwa."

"Vua."

"Nivue nini?"

"Nywele zangu."

Mdogo mtu alikigeukia kioo. Akalivuta shungi jeupe kidogo, likae vizuri juu ya sikio. "Mama Pini," aliita, "una mteja."

Mama Pini alitoka nyuma ya rafu akiwa na kulabu yake ndogo katikati ya meno. Ni mwanamke mnene, mikono midogo kama ya mtoto, na macho ambayo hayajawahi kumpunguzia mtu bei. Hakusalimu. Alinyoosha kiganja.

"Nusu yako."

Dada mtu alifungua mkoba akatoa nusu ya kitana. Mama Pini hakusoma shule, kwa hiyo haandiki stakabadhi. Ukimletea kazi anavunja kitana vipande viwili, kimoja chako, kimoja anakifunga kwenye kichwa cha mti kitakachobeba wigi lako. Aliinama chini ya meza, akatoa kichwa cha mti, akaunganisha. Meno yakakutana.

"Kazi ni yako kweli," alisema. "Yaani ilikuwa. Umechelewa."

"Nimechelewa vipi?"

"Pini ya tisini nimeichoma leo asubuhi."

Hapo msomaji ndipo jina la Mama Pini linapotoka. Kila asubuhi akifungua duka, kabla hajafagia, anachoma pini moja kwenye shingo ya kila kichwa cha mti. Tarehe hataki kuisikia. Anasema tarehe watu huifuta wakaandika nyingine, lakini pini haifutiki. Na ukutani, kwa rangi nyekundu, mchora mabango alimwandikia sheria zake: arbuni hairudishwi, kilichofungwa hakifunguliwi, na pini ya tisini ikichomwa kazi ni ya duka.

"Huyu alikuwa mlangoni kabla sijashika ufagio," Mama Pini aliendelea, akimwonyesha mdogo mtu kwa kidevu. "Alishaweka arbuni yake wiki iliyopita, kwamba mwenyewe asipotokea, achukue yeye. Leo kamaliza salio. Nimemuuzia."

"Salio nilituma mimi. Nilimpa yeye. Wiki ya tatu ya kulazwa, mkononi mwake. Mdogo wangu, sema."

Mdogo mtu alipumua kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Dada, wiki ya tatu ulikuwa unaongea na feni."

"Pesa nilizifunga kwenye karatasi ya tiketi. Ile ya mwisho wa gombo, yenye mstari mwekundu. Nikabandika plasta juu, muuguzi akaandika namba ya kitanda changu. Kumi na moja."

"Ulimwambia feni akusalimie mtoto. Nilitoka nje nikalia. Nani angekupa pesa uzishike, hali ile?"

"Mama Pini, hazikufika?"

"Kwa jina lako haikufika hata shilingi."

Dada mtu alijishikilia kwenye meza. "Basi nirudishie arbuni yangu."

Mama Pini aliuangalia ukuta.

"Basi nywele. Arbuni kula, nirudishie nywele tu. Nitazishika hivyo hivyo mkononi. Ziliota kichwani kwangu, Mama."

"Ziliota kwako, nimezifunga mimi. Unywele mmoja mmoja kwenye wavu, siku ishirini na mbili, mpaka jicho hili likawa linatoa machozi lenyewe. Nikizifungua zinakatika zote. Kilichofungwa hakifunguliwi."

"Huna huruma?"

"Huruma nimemwachia daktari. Mimi nina pini."

Mdogo mtu alicheka kwa pua. Akasimama, akajipapasa gauni. "Dada, kaa upumzike, rangi yako si nzuri. Mimi nangoja kuchukuliwa. Shemeji anakuja na mtoto. Nimemwahidi kwamba leo mama anarudi na nywele."

Dada mtu alidhani hakusikia vizuri. "Mama nani?"

"Alikuwa ananiita mama mdogo. Unajua watoto, neno refu linamchosha. Kakata."

Mama Pini alianza kukiinua kile kichwa cha mti akiweke chini ya meza, maana kwake shauri lilikuwa limekwisha.

"Zihesabu," dada mtu alisema.

"Nini?"

"Pini zako. Zihesabu mbele yangu."

"Unaniambia mimi sijui kuhesabu pini? Mimi?"

Dada mtu aliufungua mkoba akaumwaga mezani. Zilianguka karatasi za vidonge, zile za kung'aa, zimepasuliwa kila tundu. "Pini ya kwanza uliichoma nikiwa nimekaa kwenye kiti hicho. Jioni ile ile nikameza kidonge cha kwanza. Kimoja kwa siku, na muuguzi anasimama mpaka nifungue mdomo aone. Cha leo nimemeza alfajiri. Hesabu matundu, Mama. Themanini na sita."

"Ulitapika vingine," mdogo mtu alidakia. "Ukarudia. Wagonjwa wote hutapika."

"Ningerudia, matundu yangezidi. Yamepungua."

Mama Pini alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kumwita mwizi angevumilia. Kumwambia kwamba pini zake zinadanganya, hapana. Alivuta taa karibu, akakilaza kichwa cha mti kifudifudi, akaanza.

Zilikuwa safu tisa, kumi kumi. Tisini kamili.

"Umeona," alisema mdogo mtu.

Lakini Mama Pini hakuinua uso. Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye safu ya saba. Kikaenda ya nane. Kikasimama tena. Ya tisa, mara mbili.

"Hizi zina kutu," alisema.

"Chuma hushika kutu, Mama."

"Cha watu. Pini yangu hupita kwenye nta kabla haijaingia kwenye mti, kwa sababu mti wangu ni mbichi. Miaka thelathini sijachoma pini kavu." Alichomoa moja, akaipangusa kwenye kanga, ikaacha mstari mwekundu. Akachomoa ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akazipanga mezani kama mtu anayepanga meno yaliyong'olewa. "Hizi si zangu."

Mdogo mtu alitazama mlango.

"Ulikuwa unakuja kila Alhamisi," Mama Pini alisema taratibu. "Unakaa pale, karibu na rafu. 'Mama, dada yangu hajaja? Mama, nina wasiwasi na dada.' Nami naingia ndani kukuletea maji. Nikasema moyoni, huyu damu inamuuma. Kumbe Alhamisi nne, pini nne."

"Huna ushahidi kwamba ni mimi."

"Nauhitaji wa nini? Mimi si mahakama. Siku ni themanini na sita, kazi bado ni yake, na mimi nimekuuzia kisicho changu. Kaa."

"Sikai."

Ile mikono midogo ya Mama Pini ilipita nyuma ya masikio ya mdogo mtu, ikafungua vishikizo viwili, na wigi likatoka kama kifuniko cha sufuria.

Chini yake palikuwa na kipara.

Dada mtu alishtuka kuliko alivyoshtuka mlangoni. Mdogo wake alikuwa na nywele nzito mpaka kiunoni. Vitana viliogopa kuingia humo. Sasa kichwa kilikuwa kinang'aa, na nyuma ya sikio kuna alama ya wembe.

"Wigi lilipimwa kwenye fuvu tupu," Mama Pini alieleza, kana kwamba anaeleza kiraka. "Halikai juu ya nywele. Nilimwambia akilitaka anyoe, na nywele atakazonyoa ziwe arbuni. Akanyoa mwenyewe hapo, anacheka."

"Nipe basi," mdogo mtu alisema. Sauti ilikuwa inakwaruza. "Mauzo yamevunjika, sivyo? Nipe nywele zangu."

Mama Pini alionyesha dirishani. Palikuwa na kichwa kingine cha mti, na juu yake wavu uliojaa nusu, nywele nyeusi nzito zikining'inia upande mmoja. Ziliagizwa na bibi harusi fulani.

"Siku ya tano leo nazifunga," alisema. "Soma ukutani. Wewe umesoma."

Mdogo mtu hakusoma. Alijua. Alikuwa amezisoma sheria zile kila Alhamisi, na zilikuwa zimemfurahisha.

Dada mtu alitabasamu kwa mara ya kwanza, akanyoosha mkono kupokea wigi. Mama Pini akalirudisha nyuma.

"Na wewe usicheke. Una siku nne. Salio liko wapi?"

Tabasamu likakauka. "Nimekwambia nilituma."

"Na mimi nimekwambia halikufika."

"Siku nne, dada," mdogo mtu alisema, akijipapasa kipara. Alikuwa ameupata tena ulimi wake. "Utakata tiketi ngapi kwa siku nne? Halafu hata dirisha lenyewe wameshampa mtu. Hawakukuandikia? Labda walidhani hutasoma." Akamgeukia fundi. "Mimi nirudishie salio langu nijiendee. Au nalo limefungwa kwenye wavu?"

"Arbuni hairudi. Salio linarudi," alisema Mama Pini. "Mimi si mwizi."

Akavuta droo.

Msomaji, kuna watu huangushwa na tamaa, na kuna watu huangushwa na uvivu. Huyu alipewa pesa kamili, zimefungwa vizuri, akaziweka chini ya godoro miezi miwili, na leo akazileta vile vile zilivyo. Hakuona haja ya kufungua kilicho sawa. Na Mama Pini, akiharakia ufagio, alikipima kwa kiganja tu akakitupa kwenye droo.

Kifurushi kilianguka mezani, kati ya pini za kutu na karatasi za vidonge. Karatasi ya tiketi. Mstari mwekundu wa mwisho wa gombo. Plasta ya hospitali, na juu yake, kwa kalamu ya bluu, namba kumi na moja.

Mikono miwili ilikwenda kwa pamoja. Wa Mama Pini ukafika kwanza. Hajui kusoma, lakini tarakimu anazijua kuliko uso wa mamake.

Alikitazama kifurushi muda mrefu. Kisha akakirudisha kwenye droo, akafunga.

"Salio la mteja wa kitanda kumi na moja," alisema. "Limepokelewa."

Mdogo mtu alikaa.

Mama Pini alimkalisha dada mtu mbele ya kioo, akafungua kile kitambaa, akamvika. Vishikizo viwili, kushoto na kulia. Akachana mara tatu kwa kitana kizima. Wigi liliingia kama lilikuwa limetoka kwenda dukani tu, sasa limerudi nyumbani.

Dada mtu akajiona. Uso ulikuwa umevimba kwa dawa, nyusi hazipo, midomo imepasuka. Lakini lile shungi lilikuwa mahali pake, jeupe pe, juu ya sikio la kushoto. Aliligusa. Miezi mitatu ya sindano alikuwa anaiwaza dakika hii. Mtoto atatazama, atashangaa kidogo, kisha atalishika.

"Umependeza," mdogo mtu alisema kutoka kwenye kona. Hakusema kwa hasira. Jambo hilo lilimtia dada mtu baridi, wala hakujua kwa nini.

Hatua zilisikika nje. Mlango ukasukumwa, mume mtu akaingia, mtoto begani.

Alimwona mke wake. "Umetoka," alisema.

"Nimetoka."

"Hukusema."

"Ningemwambia nani? Simu mlikuwa hampokei."

Mume mtu aliangalia sakafu, akakiona kipara cha shemeji yake, akaangalia sakafu tena. Akamteremsha mtoto. Viatu vipya, gauni la njano. Amerefuka.

Dada mtu alipiga magoti. Aliinamisha kichwa upande wa kushoto, shungi likaning'inia mbele, karibu kabisa, pale ambapo mkono mdogo ungefika bila taabu.

"Njoo," alisema. "Njoo kwa mama."

Mtoto alilitazama shungi. Akautazama ule uso uliovimba. Akasogea hatua moja.

Kisha akapita.

Alipita kando yake kama mtu apitavyo kando ya kiti, akaenda kwenye kona, akapanda mapajani kwa yule mwenye kipara. Akakishika kile kichwa kitupu kwa viganja vyote viwili. Akakisugua. Akacheka.

Kipara hakikumtisha hata kidogo.

"Mama," mtoto alisema, "nywele zako ziko wapi? Ulisema leo utakuwa nazo."

Mdogo mtu aliinua kidevu tu, kidogo sana, kuelekea kwa aliyepiga magoti.

Mtoto akageuka. Akaona. Uso wake mdogo ukakunjamana kwa namna ambayo dada mtu aliijua vizuri, maana ndivyo alivyokuwa akikunjamana tangu uchanga akinyang'anywa kitu. Akateremka mapajani. Akatembea mpaka mbele ya mama yake, viatu vipya vikilia sakafuni, akasimama. Wakawa sawa kwa kimo.

Akanyoosha kiganja.

"Rudisha."

Mama Pini, ambaye hajawahi kukosa sheria ya kumsomea mteja, aliutazama ukuta wake kutoka juu hadi chini, akashusha macho.

"Za mama," mtoto alisema tena, kiganja kiko pale pale. "Rudisha."

Na mkono wa dada mtu ukapanda taratibu, nyuma ya sikio la kushoto, mpaka kwenye kishikizo cha kwanza.